Mayowe Niliyopiga Makindu

Hii aibu nimeikalia miaka mingi, na hata leo nikipita Makindu kwa basi ninajifunika uso na leso najifanya nimelala mpaka tupite, kwa hivyo nawaomba msinikatize, nisikilizeni hadi mwisho ndipo mcheke, kwa sababu hapo mtakapocheka mimi nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi msichana mkubwa tayari, nimeacha shule darasa la tano kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu (na nikisema hakukuwa na kitu simaanishi kidogo, namaanisha kuna siku mama alikuwa anawasha moto na kuteleka sufuria ya maji tu ili majirani waone moshi). Kwetu ni mbele ya Kathonzweni, kule ambako mvua ikikataa imekataa. Sasa kanisani kwetu watu wazima walikuwa wamekubaliana kwamba kila mmoja achukue vijana wachache wa nyumba kama yetu awe mlezi wao, asiwape tu chakula na kuondoka, hapana, akae nao, awafundishe Neno na kazi ya mikono na namna ya kuishi na watu. Mimi na wasichana wenzangu wanne tukaangukia kwa Mama Mutheu.

Mama Mutheu alikuwa mjane, fundi wa nguo, cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja pale sokoni Kathonzweni. Kila Jumamosi tulienda kwake. Tunasoma sura moja, tunaomba, halafu tunashona pindo, na ukishona vibaya hasemi kitu, anachukua wembe anafumua yote mbele yako taratibu, anakurudishia. Na kabla ya kwenda nyumbani ilikuwa lazima kila mmoja asimame juu ya benchi, atangaze jina lake kwa sauti na aseme shida aliyo nayo wiki hiyo. Mimi hapo ndipo nilikuwa nakufa. Nilikuwa nasema jina halafu natazama kucha. "Syombua," ananiambia, "huyo Mungu unayemnong'onezea anakusikia, lakini sisi wengine tuko na masikio ya kawaida."

Basi ukatangazwa mkutano wa vijana kule Kibwezi, wa siku kadhaa, na kwaya yetu ikaalikwa. Baba akakataa. Alisema nikienda nani atateka maji, na tena hawa watu wa kanisa watanirudisha nikiwa nadharau mbuzi. Mama Mutheu alitembea kwa miguu kutoka sokoni mpaka kwetu, jua la saa saba, akakaa kwenye kigoda akanywa uji aliopewa, akamwambia baba, "Mzee, mtoto wako nitamtoa hapa na mkono wangu, na nitamrudisha hapa na mkono wangu." Baba alitazama vumbi miguuni mwa Mama Mutheu. Halafu akasema, "Ukimpoteza, hawa wasichana wengine pia wazazi wao watawatoa kwako. Unajua hivyo?" Akajibu, "Najua, mzee."

Nilikuwepo, nilisikia kila neno. Mnaona basi mzigo niliobeba kupanda ile lori?

Na kuna mzigo mwingine nilipewa na susu, nyanya yangu. Usiku wa kuamkia safari aliniita kando akanionya juu ya mumiani. (Vijana wa siku hizi hawajui, lakini sisi tulikua na hiyo hofu: kwamba kuna watu wanakamata wasafiri na kuwakamua damu ya kutengenezea dawa, na mtu hupatikana amekauka kama ngozi.) Susu alisema wanakaa kandokando ya ile barabara ya lami ya Mombasa na ile reli, wana ndevu mpaka kifuani, wana masufuria makubwa kama tangi, na wanaanza kwa kukukaribisha vizuri. Susu mwenyewe hajawahi kufika hata Makindu, lakini alieleza kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Tukaondoka asubuhi, vijana nyuma ya lori tumesimama tukiimba, wasichana wa Mama Mutheu na nguo zetu za bluu alizotushonea kwa kitambaa kimoja, na mimi miguuni nina raba, viatu vyangu vya kwanza maishani, Mama Mutheu alivipata kwa mtu akavisugua mpaka vikawa vyeupe. Yeye mwenyewe alikaa mbele na dereva kwa sababu vumbi lilikuwa linamsumbua kifua. Na mimi tangu nusu ya njia nilikuwa nimebanwa.

Jamani, nilikuwa nimebanwa! Lakini nitasemaje? Karibu yangu, bega kwa bega, alikuwa amesimama Mutua, mwimbaji wa sauti ya tatu, kijana wa mwalimu, msafi, nywele zimechanwa na mstari, na mimi tangu mwaka ule uliopita nilikuwa nikimwona napoteza maneno ya wimbo. Nigonge paa ya lori, wote wanyamaze, niseme mbele ya Mutua kwamba nataka kwenda haja? Afadhali nipasuke.

Tulipofika Makindu dereva akasimama kando ya maduka kutia maji kwa rejeta. Mama Mutheu akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mtu asiende mbali. Mwenye shida aniambie." Shida nilikuwa nayo na sikumwambia. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Nilimnong'oneza tu rafiki yangu Kasiva, mmoja wa wale wanne, "Nakuja," nikashuka upande wa nyuma. Choo kilikuwa nyuma ya hoteli, nikaona wavulana wa kwaya wamejipanga hapo hapo, na Mutua akiwemo. Nikageuka. Nikavuka uwanja, nikavuka reli, nikatafuta kichaka upande wa pili. Kile cha karibu nikaona kimepungua majani, nikaenda cha mbele, na hicho nikaona mbuzi ananiangalia, nikaenda cha mbele zaidi.

Nilikuwa nimechuchumaa nikasikia ardhi inanguruma.

Nilitoka huku nafunga nguo, nikakimbia, lakini treni ya mizigo ilikuwa imefika kabla yangu. Ikapita mabehewa na mabehewa, halafu ikapiga kelele ya vyuma na ikasimama. Ikasimama kabisa! Kulia mabehewa, kushoto mabehewa, mwisho wake siuoni. Na katikati ya magurudumu niliona lori yetu pale ng'ambo, niliona hata miguu ya watu wakipanda. Nikaita, "Kasiva! Kasiva!" lakini ile treni ilikuwa inapumua kama ng'ombe mgonjwa, nani angenisikia?

Nikainama nipite chini yake. Nimeshaingiza kichwa na bega, natambaa juu ya kokoto, mara treni nzima ikashtuka, ile minyororo ikagongana kutoka behewa moja hadi lingine, ikija upande wangu, gu! gu! gu! Nilijitupa nyuma nikaangukia goti, kokoto zikalichana. Nilibaki pale chini nimeshika kichwa changu kama mtu anayehakikisha bado kiko. Halafu nikasikia, ng'ambo ya treni, wimbo unaanza. Wimbo wetu. Na injini ya lori.

(Baadaye ndio nilielezwa kwamba Mama Mutheu aliuliza, "Wote mpo?" na Kasiva akaona nguo ya bluu kule mbele karibu na wapiga ngoma, akadhani ni mimi, akaitikia kwa sauti ya malaika, "Tupo!")

Treni iliondoka wakati ilipotaka yenyewe. Nilipovuka, pale lori ilipokuwa imesimama palibaki maji ya rejeta yakikauka kwenye vumbi.

Sijui kama mmewahi kuachwa mahali hamjui mtu. Niliona sauti zote za Makindu zimekuwa mbali. Nikawaza kwenda stesheni, lakini nikamwona bwana mmoja amevaa kofia na vifungo vinavyong'aa, nikawaza ataniuliza ulikuwa unafanya nini kwenye shamba la reli, na hilo jibu mnajua lilivyokuwa, nikaona ni jela moja kwa moja. Nikakimbilia barabarani kufuata lori. Kwa miguu! Mpaka Kibwezi!

Gari kubwa la mizigo likasimama mbele yangu. Dereva akanitazama kutoka juu, akasema, "Wapi, msichana?" Nikasema Kibwezi. "Panda, hata Mombasa nitakufikisha." Taniboi, utingo wake, akafungua mlango akanyoosha mkono kunivuta, na nikaushika, mguu mmoja tayari uko juu ya ngazi, halafu wakatazamana wale wawili na wakacheka. Hakuna kitu walichosema. Ni kule kucheka tu, kama watu walioona kuku ameingia ndani mwenyewe. Nikavuta mkono wangu. Hakuuachia. Nikauvuta na nguvu zote nikaanguka barabarani kwa matako, nikaamka nikakimbia sitazami nyuma, na lango la kwanza nililoliona limefunguliwa nikaingia.

Lango hilo lilikuwa la hekalu la Makalasinga.

Ninyi mnaolijua mtasema bahati iliyoje, wale watu wanamkaribisha msafiri yeyote, wanampa chakula na mahali pa kulala bila kumuuliza dini. Mimi nilikuwa sijui. Mimi niliona uwanja safi sana, kimya, mlingoti mrefu una bendera, na mzee anakuja kwangu, kilemba kichwani, na ndevu (nisameheni, lazima niseme), ndevu mpaka kifuani.

Miguu ilikataa kukimbia. Akafika, akaniangalia goti, na akaniongelesha kwa Kikamba. Kikamba safi kabisa, kuliko cha Kasiva! "Mwanangu, nani amekuumiza?" Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kutuliza moyo, lakini mimi nilisema moyoni, huyu amekamata Wakamba wangapi mpaka akajifunza lugha? Na nilipogeuka langoni, lile gari la mizigo bado lilikuwa pale barabarani linanguruma. Nje kuna wale, ndani kuna huyu.

Akasema nivue viatu. Nikavua. Akanipa kitambaa cha rangi ya machungwa nifunike kichwa. Nikafunika. Kila kitu nilifanya kama mbuzi anayepelekwa, huku nasikia susu ananiambia, wanaanza kwa kukukaribisha vizuri. Akaniingiza upande wa jikoni, na hapo, jamani, juu ya moto, yalikuwa masufuria ambayo ningeweza kuingia mzima na kusimama. Mvuke unapanda. Mwanamke mmoja mnene, mke wa yule mzee, alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu kama jembe. (Ilikuwa dengu. Dengu na chapati za wasafiri.) Akaniona, akaacha mwiko, akanikalisha kwenye kiti kidogo kwa mikono yenye nguvu, akaleta karai, akaliweka chini ya goti langu.

Karai. Chini ya goti. Akamwaga maji juu ya kidonda, na maji yakashuka kwa karai mekundu.

Nilipiga mayowe. Sijawahi kupiga hivyo tena, hata nilipokuwa nazaa. Nililipiga teke lile karai likaruka, nikampita yule mama, nikampita mzee, nikatoka langoni bila viatu, hata lile gari la mizigo sikulikumbuka, kitambaa cha machungwa kinapepea kichwani, nikashika barabara kuelekea sokoni nikilia neno moja tu, "Damu! Damu! Damu yangu!"

Na mzee akanifuata. Kwa nini alinifuata? Kwa sababu alikuwa ameshika raba zangu. Aliona msichana anakimbia peku kwenye lami ya saa nane na akaamua kumfikishia viatu vyake, mtu wa umri ule, anakimbia, anaita, "Mwanangu, ngoja! Ngoja!"

Sasa jiwekeni mahali pa watu wa soko. Mnaona mtoto wa Kikamba anatokwa na damu mguuni, analia damu yangu, na nyuma yake mzee wa ndevu anamkimbiza. Mngefanya nini? Walifanya hivyo. Wanawake walinidaka, wakanizungushia leso, mmoja anauliza, "Amekufanya nini? Amekukata?" na mimi pumzi sina, natingisha kichwa tu, na sijui nilikuwa natingisha kukubali ama kukataa, nadhani vyote viwili. "Amemkata!" akasema mtu. "Walitaka kumkamua!" akasema mwingine. Lile neno mumiani mimi sikulitaja, haki ya Mungu, lakini halikuhitaji kutajwa, lilikuwa ndani ya kila mtu pale kama lilivyokuwa ndani yangu, likatoka mdomo hadi mdomo, na nikaona wanaume wanainama. Mwanzoni sikuelewa wanaokota nini.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya duara. Hakukimbia. Aliinua raba zangu juu ili watu waone, akaanza kusema, "Ni viatu vya mtoto," na jiwe la kwanza likampata begani. Nilisikia ule mlio. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama mtu amepiga godoro. Kiatu kimoja kikaanguka. Kule langoni mke wake alikuwa analia kwa lugha yao, anataka kuja na watu wamemzuia.

Hapo ndipo hofu yangu iligeuka. Mpaka dakika hiyo nilikuwa naogopa nitauawa mimi. Sasa nikamwona mzee anashika bega, anatafuta kwa macho mtu mmoja anayemjua katika hao watu, na wengi walikuwa wanamjua, wamekula kwake, na wote wameangalia chini au wameshika mawe. Nikaelewa kwamba mtu anaenda kuuawa hapa kwa sababu mimi nimesema neno. Nikafungua mdomo niseme hapana. Sauti haikutoka. Nawaambia haikutoka! Ilikuwa imekwisha yote kwa yale mayowe.

Ni honi ya lori iliyowasukuma watu. Kumbe mbele huko kwaya ilifika kwenye ubeti wangu, ule ninaouanza mimi, wakasikia kimya, Kasiva akanitafuta akanikosa, akagonga paa mpaka dereva akadhani tairi limepasuka. Wakageuza. Mama Mutheu alishuka kabla lori halijasimama vizuri, kilemba chake kimelegea, vumbi usoni na mistari ya machozi, akapita katikati ya watu kama mtu anayepita kwenye mahindi. Nilidhani atanikumbatia. Hakunikumbatia. Alinishika mabega yote mawili.

"Syombua. Niangalie. Huyu mzee amekufanya nini?"

Nikanong'ona, "Hakuna."

"Hiyo damu?"

"Nilianguka. Kwa reli. Mke wake alikuwa ananiosha."

"Na kule reli ulienda kufanya nini?"

Nikanong'ona. Akafunga macho kidogo. Nikaona midomo yake inatetemeka, na nikajua yeye pia anaogopa, na kwamba anaogopa kuliko mimi. Akasema, "Mimi nimesikia. Hawa hawajasikia." Na akanivuta mpaka mlangoni pa duka, akageuza kreti ya soda, akanipandisha juu yake, akabaki amenishika kiuno kwa nyuma nisianguke. Akapiga kelele, "Watu wangu, msikilizeni mtoto! Mtoto anataka kusema!"

Wakanyamaza. Kwaya nzima iko juu ya lori inaniangalia. Mutua yuko pale mbele, ule mstari wa nywele bado umenyooka.

Nikasema jina langu. Nikasema nimetoka Kathonzweni. Sauti ilitoka kama ya chura, mtu akasema nyuma huko, "Paza!" nikapaza. Nikasema, "Huyu mzee hakunikata. Nilianguka mwenyewe. Alikuwa ananisaidia. Nilishuka kwa lori kwa sababu nilikuwa nimebanwa, na niliona aibu kusema, nikaenda haja ng'ambo ya reli, treni ikanifungia huko." Na kwa sababu walikuwa bado kimya na wale wanaume bado wameshika mawe, na nikaona kama hawajaamini, nikaongeza kwa nguvu zangu zote, "Haja kubwa!"

(Ndiyo. Nilisema. Kwa Makindu nzima. Yule mama anayeuza ndizi alikuwa karibu yangu, akasema "Ngai!" akashika mdomo.)

Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu kumi, halafu soko lote. Walicheka mpaka wakashikana. Na nilikuwa nimesimama juu ya kreti na kitambaa cha machungwa kichwani, wananicheka, na huku chini nasikia mawe yanaachiliwa moja moja, yanagonga chini, na nilisema moyoni, chekeni, tafadhali endeleeni kucheka. Wengine waliokuwa wameshika mawe makubwa waliondoka pembeni bila kucheka. Mutua hakucheka. Aliangalia upande mwingine kwa heshima, na hiyo niliona ni mbaya zaidi.

Mama Mutheu alimwendea mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anayemsalimia mkwe. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu mzee akijibu, "Mama, kwanza mtoto afungwe goti." Na aliponirudishia raba zangu alitumia mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka.

Tulirudi mle ndani, kwaya nzima, tukavua viatu, tukala dengu na chapati tumekaa chini kwa mstari. Wenzangu walikula mara mbili. Mimi niliikata chapati yangu vipande vidogo, nikaviacha kwenye sahani. Yule mama alinifunga goti bila kuniangalia usoni.

Kibwezi nilifika, nikaimba, na sikumbuki wimbo hata mmoja. Nilichokuwa nawaza ni nyumbani tu. Maana habari ya namna hiyo haingoji lori, ilitutangulia. Siku tuliporudi Mama Mutheu alinishika mkono toka sokoni hadi kwetu, hakuuachia hata tulipovuka mto mkavu, na tulipofika baba alikuwa amesimama nje ya ua tayari. Nikasema basi, Jumamosi zimekwisha, na Kasiva pia na wale wengine watatolewa, kwa ajili yangu.

Mama Mutheu hakumngoja aulize. Alieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na sehemu yake mwenyewe pia, kwamba aliridhika na sauti moja kuitikia "tupo" wala hakushuka kuhesabu watoto kwa macho yake. "Nilikuahidi, mzee, na nusura nishindwe. Nihukumu mimi."

Baba alikaa akiangalia mbuzi. Halafu akaniuliza mimi, siyo yeye. "Yule mzee, jiwe lilimpata?"

"Lilimpata, baba. Begani."

"Na alikuwa amekuletea viatu."

"Ndiyo, baba."

Hakusema kingine siku hiyo. Lakini mvua iliyofuata haikutukatalia kabisa, tulipata ndengu kidogo, zile choroko za kwetu, na baba akachagua zile safi, akazipepeta mwenyewe, akajaza kikapu, akaniambia twende. Baba yangu ambaye hakutaka nifike Makindu alinipeleka Makindu. Alivua akala zake za tairi langoni kabla hajaambiwa. Yeye na yule mzee walikaa muda mrefu wakiongea Kikamba kuhusu mvua na bei ya ng'ombe, na mzee alicheka mara mbili, na akaniuliza goti. Alikuwa anainua kikombe kwa mkono wa kushoto.

Mke wake hakutoka kutusalimia. Niliona pazia la jikoni limefunguka kidogo, halafu likafungwa. Baba aliliona pia. Tukaacha kikapu, tukarudi.

Mimi niliendelea kwa Mama Mutheu mpaka nikajua kukata suti, na siku hizi nina wasichana wangu mwenyewe wa Jumamosi, wanaotoka kwa nyumba za moshi mtupu kama ile yetu, na kuna ahadi niliyojiwekea ambayo sijawahi kuwaambia wazi. Nikiwa sokoni nikisikia mtu amepaza sauti, na nikaona wengine wameanza kuinama kutafuta mawe, miguu yangu inataka kukimbia, kila mara, haijawahi kuzoea. Sikimbii. Ninasukuma watu naingia katikati, goti linacheza, sauti ile ile ya chura, na ninauliza, jamani, huyu amefanya nini, nani amemwona? Mara nyingi hakuna aliyemwona. Wanasema, huyu mama ni mkali sana. Mimi si mkali. Ninaogopa tu.